Umeme haukuwa kosa la Ferdinand

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu silaha za Vita Kuu ya Pili niliisoma mara mbili, kwa kuwa ni nadra gazeti la Kiswahili kuyashika mambo haya. Lakini mwandishi alipofika kwenye Ferdinand, lile gari zito la Wajerumani la kuwinda vifaru, alilimaliza kwa sentensi mbili: kwamba lilishindwa kwa kukosa bunduki ya rashasha, na kwamba kuliendesha kwa umeme kulikuwa wazimu wa mhandisi wake. Hilo la bunduki lina ukweli nusu. Hili la umeme si kweli, nami siwezi kulinyamazia.

Nimekuwa fundi umeme wa vichwa vya treni kwa miaka 31, hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa mota za kuvutia, zile zinazokaa chini ya kichwa, katikati ya magurudumu, pamoja na jenereta inayozilisha. Watu wengi hudhani injini ya dizeli ya treni inazungusha magurudumu moja kwa moja kama ya lori. Katika vichwa nilivyovishughulikia mimi haikuwa hivyo. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, umeme huenda kwenye mota, na mota ndizo zinazovuta mabehewa. Ferdinand lilikuwa hivyo hivyo, ila injini zake zilikuwa za petroli. Mtu akiuita mpango huo wazimu, basi amewaita wendawazimu mafundi wa reli wa dunia nzima.

Gari lenyewe nimeliona kwa macho. Mwaka 2018 nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Southampton, Uingereza, naye akanipeleka mimi na mjukuu wangu kwenye jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington. Tulikwenda kwa treni hadi kituo kiitwacho Wool. (Reli ya huko ina njia ya tatu ya chuma pembeni, yenye umeme wa volti 750, na mimi nilikaa dirishani njia nzima nikiiangalia.) Wakati huo jumba hilo lilikuwa limeazimwa Ferdinand na jeshi la Marekani, moja kati ya mawili tu yaliyobaki duniani. Jingine liko Urusi. Hili la Marekani lilitekwa Italia mwaka 1944.

Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Picha haikupi ukubwa wake. Kimo chake kinakaribia mita 3, na ukihesabu mzinga, urefu wake unapita mita 8. Bamba la mbele ni chuma cha milimita 100, na juu yake limefungwa bamba jingine la milimita 100 kwa bolti ambazo vichwa vyake vinaonekana vimejipanga kwenye chuma kama vikombe vilivyofunikwa. Milimita 200 za chuma kitupu! Mjukuu wangu alinionyesha gurudumu la mbele lenye meno akasema, "Babu, hapa ndipo linaposukumiwa." Nilimwambia hapana, twende nyuma. Lile gurudumu la mbele lina meno kweli, lakini hapo ni breki tu. Nguvu hutoka nyuma, kwenye mota mbili za umeme, moja kwa kila mnyororo wa chuma linaotembelea.

Tuanze na asili yake, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini lilikuwa namna ile. Mwaka 1942 Wajerumani walitaka kifaru kizito, na waliokishindania walikuwa wawili. Upande mmoja alikuwepo Ferdinand Porsche, huyo mhandisi aliyeitwa mwendawazimu, na mpango wake wa umeme. Upande wa pili walikuwepo Henschel wa Kassel, kampuni ambayo sisi watu wa reli tunaijua kwa vichwa vyake vya treni. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hilo: kiwanda cha treni kilileta giaboksi, na mtu wa magari ndiye aliyeleta umeme wa treni. Tarehe 20 Aprili 1942, siku ya kuzaliwa kwa Hitler, vifaru hivyo viwili vilipelekwa mbele yake huko Rastenburg, kwenye makao yake ya vita. Mwishowe cha Henschel ndicho kilichochukuliwa, nacho kikawa Tiger. Injini za Porsche za kupozwa kwa hewa hazikutulia, zilikuwa zikiharibika kila mara.

Lakini Porsche alikuwa ameshaanza kutengeneza maboma ya chini, yaani miili mitupu ya vifaru vyake, yapatayo mia moja kabla ya kupata jibu. Chuma kimeshakatwa, kimeshaunganishwa, na nchi iko vitani. Septemba 1942 Hitler akaamuru yageuzwe kuwa magari ya kubebea mzinga mpya mrefu wa milimita 88. Injini zile mbovu zikatolewa, zikawekwa injini mbili za petroli za Maybach, na kibanda cha mzinga kikajengwa nyuma. Katika kiwanda cha Nibelungenwerk huko St. Valentin, Austria, yalikamilishwa magari kama 90 kufikia Mei 1943. Kwa hiyo Ferdinand halikubuniwa tangu mwanzo kuwa mwinda vifaru. Lilikuwa boma lililobaki likatafutiwa kazi, na tani zake zilitoka huko.

Sasa nguvu zake. Mzinga ule ulikuwa miongoni mwa mizinga bora kabisa ya kupiga vifaru katika vita ile. Mtutu wake ulizidi mita 6, na risasi yake ya chuma ya kilo 10 ilitoka kwa mwendo wa mita 1,000 kwa sekunde. Kwa umbali wa kilomita mbili, ambako risasi za T-34, kifaru cha Warusi, zilikuwa haziwezi kulifanya lolote kwa mbele, Ferdinand liliweza kuipiga T-34 na kuitoboa. Katika uwanja wazi, likiwa limeelekea adui, lilikuwa halikaribiki. Kikosi chake kilidai kuangamiza vifaru 502 katika mapigano ya kiangazi cha 1943. Hayo ni madai ya wapiganaji wenyewe, na kikosi hicho kilikuwa na magari ya aina nyingine pia, lakini hata mtu akipunguza nusu bado ni hesabu kubwa kwa magari 90.

Na lilikuwa na uzuri mwingine ambao makala haikuutaja, nao ulitokana na umeme huo huo. Wenye Tiger walikuwa wakilia juu ya giaboksi na gia za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye gurudumu lenye meno. Ferdinand halikuwa na giaboksi ya kuvunjika. Dereva alipotaka kukata kona aliongeza umeme upande mmoja na kupunguza mwingine, na gari la tani 65 likageuka taratibu bila kishindo. Magurudumu yake sita kwa kila upande yalifungwa mawili mawili kwenye bogi tatu, kwa nje. Gurudumu likiharibika, unashughulika na bogi hilo tu. Kwenye Tiger magurudumu yalipishana kama mabati ya paa, na kufikia la ndani ilibidi ufungue ya nje kwanza. Nilipoyaona mabogi yale nilijihisi nipo karakana.

Tatizo liko wapi basi? Niruhusu nieleze kwa kazi yangu.

Mota ya umeme ya aina ile huvuta sana inapoanza kuzunguka. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo maana treni inaweza kuondoa mabehewa ishirini yaliyosimama. Lakini wakati huo wa kuanza, inakunywa umeme mwingi kuliko wakati wowote, na umeme mwingi ni joto. Kwenye reli si shida, kwa sababu baada ya dakika chache treni imeshika mwendo, chuma kinateleza juu ya chuma, umeme unapungua, feni inapuliza, mota inapoa. Dereva wa treni anaijua mita ya ampea kama anavyoujua uso wa mkewe. Sindano ikikaa upande mwekundu muda mrefu, anajua anaichoma mota.

Nakumbuka masika moja, kichwa kilipandisha mlima na mzigo mzito huku reli imelowa. Magurudumu yalikuwa yakiteleza, yanashika, yanateleza tena, kwa muda wa karibu saa nzima. Kilipofika karakana asubuhi, kabla sijafungua kifuniko, harufu iliniambia: vanishi ya waya imeungua. Nilipofungua nikakuta brashi za kaboni zimekatika vipande, na shaba ya komuteta, pale zinapogusia, imegeuka rangi ya samawati nyeusi, ina mashimo kama imeng'atwa. Mota ile haikuwa mbovu. Ilifanyishwa kazi ya kuanza kwa saa nzima.

Sasa chukua mota kama hizo uziweke kwenye gari la tani 65 linalokwenda kwenye udongo laini wa Urusi, juu ya mashimo ya mizinga. Hapo kila hatua ni kuanza. Hakuna reli, hakuna kushika mwendo. Maybach zote mbili zilitoa kama nguvu ya farasi 530, yaani kila tani ilipata farasi 8. T-34 ilikuwa na injini ya farasi 500 kwa tani kama 31, yaani farasi 16 kwa tani. Na katika hizo 530, sehemu ilipotea njiani, maana ukigeuza nguvu kuwa umeme kisha umeme kuwa nguvu tena, unalipa mara mbili. Injini zilikaa katikati ya gari, zimebanana, zikipumua kupitia matundu ya juu. Mabomba ya petroli yalivuja na bomba la moshi liko jirani. Magari yaliwaka moto yenyewe.

Treni inafaidi uzito wake. Kichwa chepesi kinateleza kwenye reli, ndiyo maana vichwa vingine huongezewa chuma makusudi ili magurudumu yashike. Gari la vita halina faida hiyo. Kila tani inazama. Umeme wa Porsche ulikuwa wa kweli na ulifanya kazi. Kilichokosewa ni kuupa mzigo huo mahali hapo. Tena shaba, Mhariri! Jenereta mbili na mota mbili za ukubwa ule zimejaa shaba, na Ujerumani ya mwaka 1943 ilikuwa na uhaba mkubwa wa shaba. Hapo sina la kumtetea Porsche.

Twende Kursk, Urusi, Julai 5, 1943. Magari haya yote karibu yalitupwa upande wa kaskazini, kwenye Jeshi la 9 la Jenerali Model. Mapigano makali yalikuwa kuzunguka Ponyri, na Ponyri ni kituo cha reli kwenye njia ya Orel kwenda Kursk. Warusi walikuwa wamejiandaa kwa miezi. Ardhi yote ya mbele ilikuwa imepandwa mabomu, mstari nyuma ya mstari. Wajerumani walileta vigari vidogo vya kuongozwa kwa redio vya kulipua mabomu ili kufungua njia, lakini njia zenyewe katika moshi na mashimo zilikuwa hazionekani vizuri, na mizinga ya Warusi haikuwapa nafasi.

Katikati ya Julai, Warusi walikagua Ferdinand 21 zilizobaki uwanjani karibu na Ponyri. Nyingi zilikuwa na minyororo iliyokatika na magurudumu yaliyong'olewa na mabomu ya ardhini au makombora. Moja lilipigwa na bomu la ndege. Moja lilitobolewa ubavuni, ambako chuma kilikuwa milimita 80 tu. Bamba la mbele halikutobolewa hata moja. Nirudie: chuma chote kile cha mbele, milimita 200, kilichofanya gari liwe zito kiasi kile, kilisimama imara hadi mwisho, na gari likapotea kwa sababu ya mnyororo.

Bunduki ya rashasha? Ndiyo, halikuwa nayo kwa nje, na lilikuwa kosa. Guderian mwenyewe, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya vifaru, alililalamikia. Walikuwepo askari waliofyatua bunduki yao kupitia ndani ya mtutu wa mzinga kwa kukosa njia nyingine. Lakini ukiangalia yale 21 ya Ponyri, walioliangamiza gari hili kwa sehemu kubwa hawakuwa askari wa miguu wenye chupa za moto, ila mabomu ya ardhini na mizinga. Hadithi ya bunduki imependwa kwa kuwa ni rahisi kusimulia.

Lililoniuma zaidi kama fundi ni la kuvuta. Mnyororo uliokatika si kifo cha gari. Ni kazi ya saa kadhaa, ukipata mahali pa kufanyia. Sisi kichwa kikianguka nje ya reli porini, hatukiachi. Inakuja winchi ya reli, zinakuja jeki na magogo, tunalala huko siku mbili, na kichwa kinarudi. Lakini winchi yetu inakuja juu ya reli, na hakuna anayetupiga mizinga. Kuivuta Ferdinand moja ilibidi kuyafunga pamoja matrekta kadhaa ya tani 18, yale makubwa kabisa waliyokuwa nayo, tena yasiyo na kinga juu, chini ya makombora. Gari la kuliokoa linalolingana nalo, lililojengwa juu ya boma lile lile, yalitengenezwa matatu tu, na yalifika baada ya Kursk. Hebu fikiri: magari 90 ya tani 65 yanapelekwa vitani bila hata moja la kuyavuta lenye uzito wao. Karakana yoyote ya reli ingekataa kupokea vichwa vipya kabla ya kupewa winchi ya kuviinua.

Na likivutwa hadi nyuma, mota ziko chini ya kibanda cha mzinga, kwa hiyo kuzitoa ni kuinua kibanda chote kwa winchi. Mafundi wao walifanya hivyo porini. Nimeona picha zao, wamesimama chini ya kibanda kilichoning'inia, nyuso nyeusi kwa grisi. Sitetei vita yao hata kidogo. Ila nazijua nyuso hizo.

Kufikia mwisho wa mapigano ya mwaka ule karibu nusu ya magari yalikuwa yamepotea. Yaliyobaki, 48, yalirudishwa St. Valentin yakafanyiwa matengenezo. Yalipewa bunduki ya rashasha mbele, kuba ndogo ya kamanda kuchungulia pande zote, na minyororo mipya. Jina likabadilishwa kuwa Elefant, yaani tembo. Kasoro ya bunduki ikawa imeondoka. Je, yalifanya vizuri zaidi? Februari 1944 yalipelekwa 11 Italia kupambana na Wamarekani na Waingereza waliotua Anzio. Huko kuna milima, barabara nyembamba na madaraja ya vijijini. Yalirudi machache mno. Mengi yaliharibika au yakakwama, yakaachwa au yakalipuliwa na wenyewe. Mengine yalizama kwenye tope la majira ya kuchipua huko Ukraine magharibi. Bunduki walikuwa nayo, na bado yaliishia vile vile.

Jambo dogo la kuongeza: Warusi waliliogopa jina hilo kiasi kwamba askari wao walikuja kuita "Ferdinand" karibu kila gari la Wajerumani lenye mzinga usio na mnara wa kuzunguka. Ndiyo maana utasoma kumbukumbu za wapiganaji waliopambana nayo mahali ambapo hayakuwahi kufika. Yalikuwa 90 tu.

Nimalizie na picha mliyoichapisha. Chini yake mmeandika Ferdinand, lakini si Ferdinand. Ni Jagdtiger, mwinda vifaru mwingine aliyetoka kiwanda kile kile cha St. Valentin kuanzia 1944. Kutofautisha ni rahisi. Ferdinand lina kibanda nyuma kabisa na magurudumu sita kwa kila upande yasiyopishana. Jagdtiger ina kibanda katikati, na magurudumu kwenye picha yenu yanapishana, kama ya Tiger. Mzinga wake ni wa milimita 128, risasi yake ilibidi iwe vipande viwili kwa uzito, na wapakiaji wawili.

Nalitaja hili kwa sababu kosa la picha yenu lina faida katika hoja yangu. Jagdtiger haikuwa na umeme wowote kwenye mwendo wake. Ilikuwa na injini moja ya Maybach ya farasi 700 na giaboksi ya kawaida, kama makala yenu inavyotaka. Ilikuwa na bunduki ya rashasha mbele tangu siku ya kwanza. Ilipita tani 70. Na mwaka 1945 nyingi kati yake hazikuuawa na adui: ziliharibika gia za mwisho, zikaishiwa mafuta, hazikuwa na cha kuzivuta, na askari wake wenyewe wakazilipua kando ya barabara.

Naomba mrekebishe maelezo ya picha hiyo katika toleo lijalo, na mkiweza mtafute picha ya Ferdinand iliyopigwa kwa nyuma, ili wasomaji waone gurudumu lenye mota.

Fundi umeme mstaafu wa reli,
Tabora